Kabambe ya Nyumbani Isiwe "Mteja"

Nyumba nyingi za Nairobi siku hizi hazina simu. Wanaoishi humo wanazo, kila mmoja na yake mfukoni, lakini nyumba yenyewe haina. Baba akitoka, simu imetoka. Mama akitoka, simu imetoka. Wanaobaki ni mtoto wa gredi ya tatu, dada anayemtunza, na pengine nyanya aliyekuja mjini kwa kliniki. Tegemeo lao wote ni simu ya dada, ambayo ikifika jioni haina chaji ama haina kredo. Na siku yake ya mapumziko dada huondoka nayo, kwa sababu ni yake.

Mimi nashikilia kwamba kila nyumba iwe na simu ya kubaki: kabambe, yaani simu ndogo ya kubonyeza ya bei ya chini, yenye laini unayoiwekea kredo unapotaka, isiyovuka mlango. Najua wengine wanaitafuta simu kama hiyo kwa sababu zao. Kuna anayeiweka ndani ya gari, kuna anayepita mzunguko wa barabara wa Globe usiku na hataki kutoa simu yake kubwa, kuna anayetaka laini ya pili ya kupokelea namba za siri za benki tu. Haja zinatofautiana ila simu ina tabia moja: haitumiki kila siku. Na hapo ndipo uchaguzi unapokuwa mgumu kuliko bei inavyoonyesha. Simu unayoishika kila saa ikiwa na kasoro utaijua leo hii. Simu inayokaa, kasoro yake utakutana nayo siku unayoihitaji.

Wazazi wetu wa Buruburu na Umoja walikuwa na simu ya mezani, ama walikuwa na jirani aliye nayo. Shirika la posta na simu lilikuwa moja, lile la KPTC, mpaka lilipogawanywa mwaka 1999 ikapatikana Telkom Kenya, Posta na tume ya kusimamia mawasiliano. Laini ilisubiriwa muda mrefu na ikishapatikana ilikuwa ghali. Lakini ukipiga simu ile ulikuwa unapigia nyumba. Aliyekuwepo alipokea, hata kama siye uliyemtafuta, na ujumbe ukafika. Safaricom na KenCell zilipoanza mwaka 2000 simu ikawa ya mtu. Mwaka 2009 serikali ikaondoa ushuru wa VAT wa asilimia 16 kwenye simu za mkononi, bei zikashuka, na hata aliyekuwa akiazima akanunua yake. (Ushuru huo ulirudi mwaka 2013, na mwaka 2022 ukaongezwa mwingine wa asilimia 10 kwa simu zinazoingizwa nchini. Kila anayenunua kabambe dukani leo anaulipa bila kuuona.) Sijutii kuondoka kwa simu ya mezani. Najutia tu kwamba tuliiacha nyumba bila kitu cha kujibu.

Usiku wa Ijumaa, tarehe 25 Agosti 2023, stima zilipotea nchi nzima, hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ukaingia giza. Asubuhi ya Jumamosi sehemu nyingi zilikuwa bado zinangoja. Mtaani kwetu simu kubwa zilikuwa zimezima moja baada ya nyingine, kwa kuwa watu walikesha wakisoma habari na kumulika kwa tochi zilezile. Ukimpigia mtu, unaambiwa "mteja hapatikani". Kabambe yetu ilikuwa na vijiti vyote vya chaji, na majirani walikuja kuitumia kuwapigia wazazi wao mashambani. Tangu siku ile sijapata mtu wa ploti yetu wa kuniuliza kwa nini ninanunua simu isiyo na intaneti.

Sasa twende dukani. Kabambe nyingi huuzwa kati ya shilingi 1,000 na 2,500, na katika bei hizo utakutana na itel, Tecno, Nokia na majina mengine ambayo yakiharibika hakuna wa kuyajibia. Mimi huanza na maduka ya Luthuli Avenue kwa sababu ya wingi wake, ingawa dukani kwenye supamaketi ama kwa wakala wa kampuni ya simu hutapata presha ya wauzaji wanaokuvuta mkono. Mazungumzo huwa hivi:

"Karibu mama. Unatafuta smati ama ya kubonyeza?"

"Ya kubonyeza. Ya kukaa nyumbani."

"Chukua hii basi. Iko na kamera, memori, Facebook, na inachukua laini mbili."

"Asante kaka. Nipigie kwanza niisikie."

Hilo la mwisho ndilo la maana. Simu ya nyumbani huwa sebuleni wakati watu wako jikoni, bomba limefunguliwa na redio ya jirani imepanda. Ikiwa mlio wake haupenyi ukuta, haifai, hata ikiwa na kamera mbili. Mwambie muuzaji atie laini yake, akupigie, kisha uondoke hatua kadhaa mpaka nje ya duka ambako matatu zinapiga honi. Ukiisikia hapo, nyumbani utaisikia. Kisha pokea, usikilize sauti ya mtu mwenyewe, maana kuna simu yenye mlio mkubwa na spika ya sikioni inayonong'ona. Mama yangu anasikia kwa shida sikio la kushoto, na simu za namna ya pili zimemfanya aache kupokea kabisa akidhani watu hawamtaki.

Halafu angalia vitufe. Tarakimu ziwe kubwa, zisiwe za kuchorwa juu juu na rangi itakayofutika kwa kidole. Kabambe nyingine huitaja kila tarakimu kwa sauti unapoibonyeza, na kwa mzee mwenye macho hafifu hiyo ni nusu ya simu. Nokia nyingi zina menyu ya Kiswahili pia. Iulizie, kisha uibadilishe pale pale mbele ya muuzaji ili usije ukaitafuta nyumbani. Tochi iwe na kitufe chake chenyewe, si ya kutafutwa ndani ya menyu. Nokia 1100 ya mwaka 2003 ndiyo iliyotufundisha raha hiyo, na bado sijaona sababu ya kuachana nayo. Redio ya FM inayoshika bila kuchomeka waya wa masikioni ni jambo zuri la ziada, hasa stima zikipotea. Kamera iache. Ya bei hii haina kitu.

Laini mbili nazitaka. Kuna ploti ambazo mtandao mmoja unafika sebuleni tu na mwingine unafika chumbani tu, na ghorofa zinazoendelea kuota kando zinabadilisha mambo kila mwaka. Weka laini ya mtandao mmoja leo, ya mwingine baadaye ukihitaji. Usinunue laini kabla hujamuuliza jirani wa ukuta mmoja ni upi unaoshika kwake.

Kwa muda mrefu zaidi nitasimama kwenye betri. Kabambe nyingi, hata zisizo za Nokia, hutumia betri ya umbo la BL-5C, ile bapa ya mraba ambayo utaipata mpaka kwenye kibanda cha fundi wa simu stejini. Umbo hilo linanipa amani, kwa kuwa miaka mitatu kutoka leo simu yenyewe itakuwa imesahaulika dukani lakini betri yake bado itakuwa inauzwa. Simu ambayo mgongo wake haufunguki usiichukue kwa kazi hii. Upande wa pili ni kwamba kitu kinachouzwa kila mahali kinaigizwa kila mahali. Hata za kiwandani hazikukosa kasoro: Agosti 2007 Nokia ilitangaza kwamba betri milioni 46 za BL-5C, zilizotengenezwa na Matsushita ya Japani kati ya Desemba 2005 na Novemba 2006, zingeweza kupata joto kupita kiasi zikiwa kwenye chaji, ikajitolea kuzibadilisha. Ikiwa ile iliyokuwa na jina la kampuni ilihitaji uangalifu kiasi hicho, ya mkebeni isiyo na jina inahitaji zaidi. Kuna jinsi rahisi ya kuipima. Ilaze betri mezani, uizungushe kwa kidole. Ikikwama ni bapa bado. Ikizunguka kwa raha, tumbo limeanza kutoka, na hiyo haistahili kulala na watoto nyumba moja.

Betri hizi hazipendi kukaa sifuri. Simu ya kubaki ikiachwa izime na ikae hivyo miezi, unaweza kuikuta haishiki chaji tena. Wala usiiache kwenye umeme usiku na mchana kama jokofu. Sisi huichaji ikifika nusu ama chini kidogo, na kwa kuwa haina kazi nyingi, hiyo si kila siku. Angalia pia tundu la chaji dukani. Ikiwa inatumia waya ambao mko nao nyumbani tayari, umeokoa pesa na umeondoa kisingizio cha kutoichaji.

Ukishachagua, bonyeza *#06# kabla hujalipa. Zitatokea tarakimu 15 za IMEI, yaani nambari ya utambulisho wa simu yenyewe. Zilinganishe na zilizo kwenye boksi na chini ya betri, kisha uzione zikiandikwa kwenye risiti. Wanaosema huo ni usumbufu kwa simu ya elfu moja hawakumbuki tarehe 30 Septemba 2012, simu bandia zilipozimwa Kenya nzima na watu zaidi ya milioni moja wakaamka na vifaa visivyoshika mtandao. Waliokuwa na simu za bei ya chini ndio walioumia, kwa sababu soko la bandia huwalenga wao.

Na ya mtumba? Kutoka kwa mtu unayemjua, ndiyo. Kutoka kwa kijana anayekuonyesha simu ndani ya koti pale River Road, hapana kabisa. Simu iliyoibwa hufuatiliwa kwa IMEI, na Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 322, inamtaja anayeshika mali ya wizi na kumtengea kifungo cha hadi miaka 14. Wanaokamatwa kwanza mara nyingi ni wanunuzi, sababu ndio walio na simu mkononi. Kuongezea shilingi mia tano upate risiti ni bora mara nyingi.

Niseme pia kuhusu simu zinazotoka Marekani kwenye sanduku la mjomba. Kule simu za bei ya chini za kulipia kabla huuzwa zikiwa zimefungwa kwenye mtandao wa kampuni moja, na ndiyo maana ni rahisi. Ukiweka laini ya hapa inakuambia haiitambui. Wapo mafundi wa kuifungua, lakini kwa gharama hiyo na mashaka hayo ungenunua kabambe mpya. Mshukuru mjomba, umwombe mara nyingine alete viatu.

Kishawishi kikubwa kitakuwa cha kupanda ngazi kidogo. Muuzaji atakuambia kuna kabambe yenye WhatsApp. Muulize ni ya programu gani. Nyingi ya zile ziliendeshwa na KaiOS, na WhatsApp iliacha kupatikana humo kwa watumiaji wapya katikati ya mwaka 2024. Kuna na smati za bei nafuu kweli: Oktoba 2023, kiwanda cha kuunganisha simu kilipozinduliwa Athi River, simu ya 4G ya Neon Smarta ilitangazwa kwa shilingi 7,499. Kwa mwanafunzi ama mfanyabiashara naiunga mkono bila kusita. Kwa simu ya nyumbani siitaki, kwa sababu ikiwa na video itahamia chumba cha watoto, na usiku wa shida itakuwa chini ya blanketi bila chaji. Na za mkopo wa shilingi kidogo kila siku, ambazo hujifunga ukichelewa kulipa, hazifai hata kufikiriwa hapa. Simu ya dharura haiwezi kuwa na deni linaloweza kuizima.

Kifaa kikishapatikana, kazi imefika nusu tu. Nusu nyingine ni laini.

Laini isajiliwe kwa kitambulisho cha mtu mzima anayeishi nyumba hiyo na atakayebaki kuishi hapo. Isiwe kwa cha dada, maana akihama anahama na mamlaka ya laini, na itakuwa taabu kwenu na kwake. Isiwe ile laini inayouzwa barabarani ikiwa "imesajiliwa tayari". Imesajiliwa kwa jina la mtu usiyemjua, na siku itakapopotea huwezi kuirudisha. Usajili ulikazwa sana mwaka 2022, Mamlaka ya Mawasiliano ilipoweka mwisho wa tarehe 15 Aprili kisha ikausogeza hadi 15 Oktoba. Piga *106# uone nambari zilizo chini ya kitambulisho chako. Wengi hukuta nambari wasizozijua, na hizo ziende zikafungwe dukani kwa kampuni ya simu siku hiyohiyo.

Laini isiyotumika miezi mingi hufungwa, na baadaye nambari yake hupewa mtu mwingine. Nambari zenyewe zina mwisho. Ndiyo maana mwaka 2019 tulianza kuona zinazoanza na 010 na 011. Hili ndilo linaloziua simu nyingi za kubaki. Zimechajiwa, ziko kabatini, ni nzima, lakini laini imekwenda. Dawa yake ni kuitumia kwa jambo la kweli. Nyumbani kwetu Jumamosi ya kwanza ya mwezi mtoto huitumia kumpigia shosho wake Nyahururu. Laini inabaki hai, betri inajulikana hali yake, na mtoto anazoea vitufe kwa mkono wake mwenyewe.

Kredo isiwe ya bando la kuisha saa sita usiku. Hizo ni za mtu wa kuongea leo. Safaricom ilileta bando zisizo na mwisho wa muda Oktoba 2019, na kwa simu kama hii ndizo zenye maana. Ukiwa kazini na ukaambiwa imeisha, unaweza kuisambazia kredo yako kwa *140* ama kuinunulia nambari ile kredo kutoka M-Pesa yako. Na ikiwa imeisha na hakuna wa kuambiwa, mtoto aweke alama ya reli (#) mbele ya nambari ya Safaricom anayoipigia. Anayepigiwa ataulizwa kama anakubali kulipa. Nimemfundisha wangu hilo kabla ya kumfundisha kutuma meseji.

M-Pesa tuliifungua, tukaweka pesa ya teksi ya kwenda hospitalini na si zaidi. Kabambe haihitaji intaneti kwa hilo, menyu ya laini inatosha, ama *334#. Namba ya siri wanaijua watu wazima wawili. Dada na mama yangu wote wameambiwa kwamba anayepiga akidai ametuma pesa kimakosa, ama anayejiita wa kampuni ya simu na kutaka namba ya siri, hukatiwa bila kuombwa radhi. Wazee wetu wamelelewa kwa heshima, na matapeli wanaitumia heshima hiyo. Mama ilibidi aambiwe na mimi mtoto wake kwamba kumkatia mtu simu si utovu wa adabu, na akakubali kwa shida.

Karibu na simu, ndani ya mlango wa kabati, kuna karatasi. Ina nambari za baba, mama, jirani wa chini na mlinzi wa geti. Kisha 999 na 112, ya Msalaba Mwekundu 1199, na 116 ya watoto. Simu inaweza kuzihifadhi zote, na kabambe nyingi hukuruhusu kushikilia kitufe cha 2 ikampigia mama moja kwa moja, lakini karatasi inasomwa na mtu aliyeingia nyumbani kwa mara ya kwanza. Na chini ya nambari kuna maelezo ya mahali tulipo, kwa sababu mitaa yetu haina anwani ambayo dereva wa ambulensi ataifuata. Atauliza: mko wapi, karibu na nini? Tumeandika jina la mtaa, kanisa lililo mkabala, rangi ya geti, orofa na upande wa mlango. Mtoto anayajua kwa kichwa sasa. Dada mpya akija, huyasoma kwa sauti siku ya kwanza, kabla hata ya kuonyeshwa gesi inavyowashwa.